Ubeti wa Viatu

Kuna watu ukiwaambia kaa, wanakaa. Dada Besi hakuwa mmoja wao. Ukimkaribisha kiti, anakiegemea. Ukimpa chai, anainywa kasimama mlangoni, jicho moja kikombeni, la pili barabarani. Mtaa mzima ulimjua: mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mrefu, kutwa kiguu na njia, mgongoni kabeba gitaa la besi ndani ya mfuko alioushona mwenyewe kwa shuka kuukuu la hoteli. Ukimuuliza anakimbilia wapi, anakujibu, "Naja," na huku anazidi kwenda.

Riziki yake ya kila siku ilikuwa pasi. Hoteli moja kubwa ilikuwa na chumba cha kufulia chini kabisa ya jengo, hakina dirisha zaidi ya kijitundu kimoja cha kioo juu ya ukuta, mashine za kufulia upande huu, za kukaushia upande ule, na katikati meza ndefu za pasi za mvuke. Miaka kumi na mmoja aliyanyoosha mashuka humo. Ikifika siku ya sherehe ya watu, akawa mpiga besi, na mdogo wake akawa mwimbaji.

Huyo mdogo wake walimwita Chiriku, jina alilolipata utotoni kwa kutonyamaza. Hata akila, alikuwa anaimba. Alikua akawa fundi umeme, akaoa, kitambi kikaanza kuchungulia, lakini sauti ilibaki ileile. Kusema kweli watu walipowaalika walikuwa wanamwalika yeye, dada mtu anakuja naye kama kifuniko na chungu. Dada Besi alilijua hilo na halikumkosesha usingizi. Alikuwa anasema besi ni msingi wa nyumba, mgeni haingii kwako akasifu msingi.

Kilichomkosesha usingizi ni habari aliyoletewa siku moja kazini, saa ya mapumziko. Chiriku alimfuata mpaka pale chini, akasimama kati ya vikapu vya taulo, akasema amepata kazi ya umeme nchi ya mbali. Ameshatia saini. Anaondoka Ijumaa ya mwisho wa mwezi, wiki tatu kutoka siku ile.

"Muda gani?" dada akauliza.

"Miaka miwili tu, dada."

"Hiyo 'tu' umeiokota wapi?"

"Sasa nibaki nafanya nini? Sherehe moja kila baada ya miezi mitatu? Dada, mimi mtu mzima. Nina mke."

Dada Besi aliendelea kupiga pasi, maana shuka lilikuwa mezani na mvuke haungoji. Lakini foronya mbili alizozishika baada ya hapo alizikunja vibaya mpaka msimamizi wao, mama mmoja ambaye tangu aanze kazi hakuna aliyewahi kuona meno yake, akazitupa tena kikapuni.

Basi hapo ndipo mambo ya video yalipoanza. Kulikuwa na mwenye ukumbi mmoja, mtu wa simu mbili, moja sikioni, moja mkononi. Wale ndugu walikuwa wameshampigia hodi zamani wakiomba wapewe jukwaa. Naye aliwaambia kitu kimoja bila kupindisha: "Sauti nimeisikia, ni nzuri. Lakini mimi watu nawaitaje? Siku hizi mtu haji kusikiliza asichokiona. Nileteeni video, hata ya dakika tatu, niwatumie wateja wangu kwenye simu zao. Wakiipenda, Jumamosi zote ni zenu."

Wakati ule walicheka, wakaondoka. Video! Kwa kamera ipi? Lakini sasa Dada Besi hakucheka tena. Alijipigia hesabu fupi: video ikitoka kabla ya Ijumaa ile, ukumbi upo. Ukumbi ukiwepo, Jumamosi zipo. Jumamosi zikiwepo, Chiriku habebi begi. Akaiamini hesabu hiyo kama mtu anavyoamini kuwa kesho kutakucha.

Mwalimu alimpata jirani. Alikuwa mpiga picha za pasipoti mwenye kibanda cha futi sita kwa nne, na kwa kuwa kutwa kucha alikuwa anawakataza wateja kucheka mbele ya kamera, mtaa ukambatiza Usicheke. Usicheke alimtazama mama huyu aliyeingia kwa kasi mpaka pazia likang'oka, akamwambia, "Kwanza pumua. Kamera haimtaki mtu mwenye haraka."

"Wiki tatu nitajua?"

"Utajua kushika. Kujua ni habari nyingine."

Akamfundisha. Mwanga uje kwa ubavuni, usije kwa nyuma. Simu ishikwe kwa mikono miwili, viwiko vibanwe mbavuni. Kama huna taa, chukua ubao, ubandike karatasi ya kung'aa ile ya kufungia chakula, uukingie dirisha, mwanga utarudi usoni kwa mtu. Kama huna reli ya kutembezea kamera, tafuta kiti cha ofisini chenye magurudumu, kaa juu yake, usukumwe. Na mwimbaji haimbi hovyo hovyo: wimbo uliorekodiwa studio unapigwa kwenye spika, yeye anaufuatisha. Mwanzo unapiga kofi moja kubwa mbele ya kamera. Baadaye nyumbani unaitoa ile sauti ya makelele, unaweka wimbo safi wa studio mahali pake, kofi kwa kofi, na mdomo unakwenda na sauti.

"Kumbe wale wote kwenye video hawaimbi?"

"Wanaimba, ila uongo," Usicheke alisema.

Siku ya kwanza alimpiga mdogo wake picha mbele ya dirisha, na alipotazama akakuta dirisha zuri sana na mtu mweusi tii kama kivuli. Siku ya pili ndiyo ya kuchekesha. Alikuwa anabonyeza kuanza, halafu kwa wasiwasi anabonyeza tena kuhakikisha, kumbe anazima. Akidhani anazima, anawasha. Jioni alikuta hana hata sekunde moja ya Chiriku, ila dakika ishirini za sakafu, vidole vya miguu yake mwenyewe, na sauti yake ikisema, "Hapo umeua kabisa! Hapo hatuwawezi!" Chiriku alicheka mpaka akakaa chini. Dada Besi hakucheka. Wiki moja ilikuwa imeliwa.

Wiki ya pili alijipiga mwenyewe na besi yake, simu kaiegemeza kwenye tofali, na hizo zikakubali. Lakini za mwimbaji zilimpiga chenga. Chiriku leo yuko kwenye chanjo, kesho yuko kwenye karatasi za safari. Siku zikabaki sita, na Jumapili moja tu.

Sasa nikueleze kuhusu wimbo wenyewe, maana bila hapo hutaelewa kilichoharibika. Ulikuwa na beti tatu. Ubeti wa kwanza na wa tatu walizitunga pamoja, lakini wa pili Chiriku aliutunga peke yake, na ulikuwa habari za viatu. Walipokuwa wadogo nyumba yao ilikuwa na jozi moja ya viatu vya shule. Dada alisoma zamu ya asubuhi, mdogo zamu ya mchana. Kengele ya kufunga zamu ya asubuhi ikilia, yule msichana anachomoka mbio, hasalimii mtu, mpaka darajani anapongoja mdogo wake. Pale anavivua vingali na joto, mdogo anavivaa na karatasi kaishindilia mbele kwa kuwa ni vikubwa, anakwenda shule. Dada anarudi nyumbani peku. Miaka mitatu mizima, jua na mvua.

Chiriku alipouimba studio mara ya kwanza, fundi wa mitambo alivua vifaa vya masikioni, akauliza, "Hii ni kweli?" Dada Besi alihisi uso unawaka moto.

"Unatangazia watu umaskini wetu?" alimwambia mdogo wake palepale.

"Si umaskini, dada. Ni sisi."

"Nani anacheza muziki wa viatu? Toa huo."

Ukatolewa. Dada mtu akaandika wake: malkia, mboni zako, mji mzima unang'aa ukipita, mambo hayo hayo unayoyajua. Chiriku akauimba alivyoelekezwa, bila ubishi, mahali pale pale pa ule wa zamani, na wimbo ukarekodiwa upya. Hiyo ilikuwa siku chache kabla ya kuja na habari za safari. Kwenye simu ya Dada Besi ukabaki wimbo mara mbili. Ule wa viatu aliuita "Mwisho Kabisa". Ule wa malkia akauita "Mwisho wa Mwisho". Nyinyi mnaojua kazi hizi mmeshaanza kutikisa kichwa.

Jumapili chumba cha kufulia hakina watu wengi. Yule msimamizi asiyecheka aliwaruhusu saa mbili, akakaa pembeni na daftari lake la taulo akijifanya hatazami. Dada Besi alikuwa na shabaha yake. Video za watu wenye fedha zina moshi, na mashine ya moshi yeye angeitoa wapi? Lakini mvuke wa pasi upo bure. Alifungulia pasi tatu kwa pamoja, mvuke ukajaa, mwanga wa kile kijitundu ukaukata kwa ubavu, na Chiriku akasimama katikati ya mashuka yaliyoning'inia na shati jeupe lililonyooshwa na dada yake. Wallahi ungemwona ungesema ni mtu mwingine.

Simu ya kupigia picha ilikuwa ya wifi yake, mke wa Chiriku, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na jicho zuri. Simu ya Dada Besi ndiyo iliyopiga wimbo, imeunganishwa na spika ndogo chini ya meza, miguuni kwa mwimbaji. Alibonyeza mbio mbio, akapiga kofi, akarukia kile kiti cha magurudumu na kujisukuma mwenyewe kwa kisigino. Mvuke ukaziba kioo cha simu, akakifuta kwa foronya. Mashine mbili za kukaushia zilikuwa zinaunguruma mgongoni kwake. Kazi ya kamera huziba masikio: alikuwa anahesabu hatua, anatazama mwanga shavuni, anaomba Mungu gurudumu lisikwame kwenye mtaro. Alichokiona ni uso wa mdogo wake ukichanua. Walirudia mara nne, na mara zote nne aliimba vizuri zaidi ya ile ya nyuma. Ubeti wa pili aliuimba kanyoosha mkono kama anampa mtu kitu. Hata msimamizi aliacha kuandika.

Jumatatu saa ya mapumziko Dada Besi alisimama kwenye meza yake ya pasi, simu mkononi, akaanza kuunganisha. Kofi kwa kofi. Kiitikio kikakaa. Ubeti wa kwanza ukakaa, akapiga vigelegele vya chini chini. Ubeti wa pili ukaingia, na mdomo ukaenda njia yake na sauti njia yake. Akasogeza picha mbele kidogo. Wapi. Akarudisha nyuma. Wapi! Sauti inasema malkia, midomo haifungi. Midomo inafunga, sauti iko kwenye unang'aa. Kwenye video unaweza kudanganya kila kitu, lakini midomo iliyofungana haidanganyiki. Akaitoa sauti ya studio, akaifungulia ile ya makelele iliyonaswa na simu ya wifi, akaibana sikioni, na chini kabisa ya mngurumo wa mashine akamsikia mdogo wake akiimba habari za daraja na karatasi ndani ya kiatu.

Alikuwa amebonyeza Mwisho Kabisa badala ya Mwisho wa Mwisho.

Alitoka kazini jioni hata aproni hakuvua, mpaka kwa Usicheke. Usicheke aliitazama video mara mbili, kisha akamwuliza tatizo ni nini.

"Hujaona mdomo?"

"Nimeuona. Weka basi ule wimbo aliouimba. Unao, si unao? Dakika kumi kazi imekwisha, leo hii hii unamtumia mwenye ukumbi."

"Thubutu!"

"Kwa nini?"

"Ule ubeti umekufa. Tulishauua."

"Mbona kwenye picha unapumua?"

"Wewe piga pasipoti," Dada Besi alimwambia, akaondoka, na pazia likang'oka tena.

Kuna ubishi wa akili na kuna ubishi wa aibu, na huu wa aibu ndio mgumu. Alikuwa tayari kukesha, kukimbia, kuombaomba simu za watu. Hakuwa tayari watu wa hoteli, wanaomjua kama mama wa heshima mwenye gitaa, wajue alirudi nyumbani peku miaka mitatu. Kesho yake alfajiri alimwandikia mdogo wake: "Tulipiga kwa wimbo siwo. Ubeti wa pili unarudiwa, ule wa malkia. Uvae shati lile lile." Jibu lilichelewa mpaka karibu na saa ya kazi. Lilikuwa na maneno mawili: "Sawa dada."

Oneni sasa mwendo wa wiki ile. Jumanne alimfuata hospitali alikokuwa anapimwa afya ya safari, akamkuta kwenye foleni kafunga mkono kwa pamba, mwanga mbovu. Jumatano alimfuata ofisi ya vibali, akafungua ule ubao wake wa karatasi ya kung'aa katikati ya foleni, mwanga ukawapiga watu kumi machoni, mlinzi akamtoa nje. Njiani simu ikajaa, akafuta picha zake zote za miaka mitano ili apate nafasi. Kazini aliunguza foronya moja. Chakula alikula akitembea, na kila alipoketi kidogo mguu ulikuwa unagonga sakafu kama unatafuta mdundo. Siku tatu, siku mbili. "Kesho, dada," Chiriku alikuwa anamwambia kwa upole, na upole ule ulimtia wasiwasi kuliko angemgombeza.

Alhamisi walikutana uani kwa Chiriku. Begi lilikuwa mlangoni, limeshafungwa kwa kamba. Wifi alishika ubao, kauinamisha uso. Spika ikapiga wimbo, safari hii Mwisho wa Mwisho kweli, Dada Besi ameukagua mara tatu. Chiriku akaimba malkia na mboni na mji unaong'aa, mdomo ukaenda sawa na sauti, herufi kwa herufi. Na uso wake ulikuwa wa mtu anayesomea jirani bili ya maji.

"Tabasamu kidogo."

Akatabasamu.

"Siyo hivyo. Kama Jumapili."

"Jumapili ni Jumapili, dada."

Walirudia mara nane. Mara ya tisa alishusha mikono, akasema, "Dada, basi." Hakusema kwa hasira. Akambusu paji la uso, jambo ambalo hakulizoea, akaingia ndani kumalizia kufunga vitu vyake. Ijumaa asubuhi gari lilikuja likamchukua. Dada Besi alikimbia nalo mpaka kona, akimwambia kupitia dirishani kwamba itatoka tu, itatoka wiki hii hii, na yeye anatikisa kichwa kukubali.

Jumamosi nzima alijaribu kuchanganya ya Alhamisi na ya Jumapili. Shati lilikuwa moja, watu walikuwa wawili. Ubeti wa kwanza anaimba mwanamume anayewaka, ubeti wa pili anaingia ndugu yake wa mbali aliyefiwa. Jumapili mchana alisimama katikati ya chumba chake, akasema kwa sauti, ingawa hakukuwa na mtu, "Liwalo na liwe." Akaweka Mwisho Kabisa. Dakika kumi alizosema Usicheke hazikufika hata nane. Kofi kwa kofi, mdomo kwa sauti, beti zote tatu zikalala kama shuka lililonyooshwa. Akamtumia mwenye ukumbi, akawatumia na watu wote waliokuwa kwenye simu yake, kisha akaifunika simu chini ya mto kwa aibu.

Jumatatu yule msimamizi alimwita pembeni, nyuma ya mashine. "Ndiwe uliyekuwa unakimbia na viatu?" Dada Besi akainama. Yule mama akamshika bega, akamwambia, "Mimi na dada yangu ilikuwa sweta." Halafu akarudi kwenye daftari lake. Mpishi alimwuliza. Mwendesha lifti alimwuliza. Mtu asiyemjua alimsimamisha barabarani akamwambia mke wake amelia. Ile aibu aliyoibeba kama mzigo wa kuni, alipoitua hakuna aliyeiona, kila mmoja alikuwa anatazama wa kwake.

Jumanne ikaja simu ya mwenye ukumbi.

"Mlikuwa wapi siku zote? Ule ubeti wa viatu umenimaliza! Wateja wananipigia mpaka nimezima simu moja. Jumamosi hii nawataka wote wawili."

"Mwenzangu amesafiri."

"Anarudi lini?"

"Baada ya miaka miwili."

"Ameondoka lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa hii?" Mwenye ukumbi akashusha sauti. "Mama, si ungenipa mapema?"

Alikwenda kwa wifi yake karibu anakimbia. Wifi alikuwa chumbani, mlango wazi, anapanga nguo alizoziacha mumewe. Dada Besi alisimama kizingitini, pumzi juu juu, akayamwaga yote bila salamu: ukumbi umepatikana, kosa ni lake, video ilikuwa tayari tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, Usicheke alimwambia, yeye akashupaa. "Siku nne, wifi yangu! Ningeituma siku ile, mumeo angekuwa hapa. Nimekutenga na mumeo kwa ubishi wangu wa bure. Nigombeze, nitukane, fanya utakalo."

Wifi aliikunja suruali aliyoishika mpaka mwisho kabla ya kujibu.

"Si ukumbi, wifi."

"Si ukumbi vipi? Jumamosi zote, amesema."

"Nakwambia si ukumbi. Kazi ya umeme anayo hapahapa, na njaa hatujawahi kulalia. Ile karatasi ya mkataba ilikaa chini ya redio yetu miezi miwili, haitaki hata kuitazama. Aliitia saini jioni aliyotoka studio, siku mliyoukata ubeti wake. Alisema, 'Dada hanitaki nilivyo, acha nikawe fundi.'"

"Siku ile ile?" Dada Besi akauliza.

"Sasa Jumapili ile mliyopiga picha kwenye mvuke," wifi aliendelea, "alirudi hapa anaimba tangu kule kona. Mpaka majirani wakatoka. Akaniambia, 'Dada ameurudisha ubeti wangu. Hakusema kitu, kaupiga tu kwenye spika, unamjua alivyo.' Akaniambia nitoe nguo zote begini. Nikazitoa, wifi. Nikazipanga humu, kwa mikono hii. Alisema Jumanne ataamkia ofisini kuwaambia watafute mtu mwingine. Ameshavaa, ameshafika mlangoni, ujumbe wako ukaingia. Akausoma amesimama hapo hapo uliposimama wewe. Kisha akaniambia, 'Mke wangu, zirudishe.'"

"Kwa nini hukuniambia?" Dada Besi alisema, na sauti haikuwa yake. "Nilikuwa hapa Alhamisi! Ulishika ubao! Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua utaurudisha kwa kumhurumia, na yeye hakutaka hivyo."

Dada Besi alijishika kizingiti kwa mikono yote miwili. "Miaka mitatu nilimvulia viatu njiani," alisema, "nikashindwa kumwachia ubeti mmoja." Akalia palepale mlangoni, kwa sauti, bila kujificha, wapita njia wanamwona. Wifi yake hakumnyamazisha. Alizisogeza nguo, akaja akasimama karibu naye, akamshika mkono.